Nyumba ya Mapaa Mawili

Siku mzee Kiprugut alipobomoa ukuta wa kati, vumbi lilitoka kwa mlango wa mbele jeupe na zito, na majirani wakakimbia nje wakidhani nyumba inaungua. Odero alikuwa amesimama barabarani na kikombe cha chai mkononi. Chai ikageuka rangi ya udongo, akainywa hivyo hivyo. Siku hiyo alikuwa ameingoja tangu babake afe.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani. Zilikuwa sita kwa mstari mmoja nyuma ya stesheni ya reli ya Nakuru, ukuta kwa ukuta, zimejengwa na Muhindi muuza vitambaa kabla ya uhuru. Chini duka, juu vyumba vya kulala, nyuma ua mdogo wenye choo na chumba kimoja cha mtumishi. Babake Odero, aliyekuwa karani wa mizigo hapo stesheni, aliinunua mwaka ule Muhindi alipofunga virago, na kuanzia hapo hakugusa hata msumari. Baadaye wakaingia wapangaji. Mshona nguo alikaa chini miaka kumi na mmoja, akaja jamaa wa kupiga picha za pasipoti, kisha kanisa fulani dogo lenye ngoma kubwa. Walipotoka wote, nyaya za umeme zilikuwa zinaning'inia kama matumbo buchani, mbao za sakafu ya juu zimeliwa na mchwa, na ngazi ilikuwa imesimama wima hivi kwamba kushuka ilibidi ugeuze uso ukutani, ushuke kinyumenyume kama mtu anayeingia kisimani.

Odero, mkewe Nerima na watoto wao watatu walikuwa wakipanga vyumba viwili kule Kiamunyi. Wangeweza kungoja mwaka mwingine, hata miwili. Kilichowaharakisha ni mamake Nerima.

Mama Nakhumicha alikuwa Salgaa, kituo cha malori kwenye barabara kuu. Miaka arobaini na mmoja aliwapikia madereva wa malori katika hoteli ya mabati, ugali na matumbo, maharagwe na chapati, na palipokuwa na meza moja ya kulia ndipo palipokuwa pia pa kulala, nyuma ya pazia. Alimlea Nerima nyuma ya pazia hilo. Sasa goti la kulia lilikuwa limekataa. Mwezi wa pili alianguka mlangoni na sufuria, akakaa chini katika maharagwe yake mpaka dereva mmoja wa Uganda akaja kumwinua. Kuanzia hapo Nerima alikuwa akienda Salgaa kila Jumamosi na kurudi na macho mekundu. Halafu mwenye ploti akauza. Anayenunua anataka kujenga gesti, akasema vibanda vyote viwe vimetoka mwisho wa Aprili. Kule Bungoma nyumba ya mama ilishaanguka, na mwanawe wa kiume, mmoja tu, yuko Qatar analinda ghala la watu.

"Aje kwetu," Odero akasema.

Nerima alimwangalia kama mtu aliyesikia mvua itanyesha kutoka chini kwenda juu.

Maana kwa Wabukusu kina Nerima, na kwa Wajaluo kina Odero vilevile, mama mkwe halali chini ya paa analolala mkwe wake. Mchana atakuja, atakunywa chai, atasifu watoto, lakini jua likianza kulegea utamwona anatafuta mkoba. Hamshikani mikono. Mkikutana mlangoni mmoja anapisha. Katika miaka kumi na minane ya ndoa, Odero alikuwa amemsalimia mama mkwe wake labda mara hamsini, kila mara akiangalia viatu vyake mwenyewe, na maneno yake hayakuwahi kupita "hamjambo, mama." Si kwamba hawakupendana. Mwaka ule Odero alipokosa kazi, kila mwezi kulikuwa na gunia dogo la maharagwe lililoshushwa na lori kutoka Salgaa, bila barua, bila salamu, na kila mwezi gunia lilirudi limefuliwa na kukunjwa, na ndani yake omena, wale dagaa wa ziwani. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakizungumza.

Katika kanisa lao la Friends, mchungaji alimwambia mama kwamba mambo hayo Yesu aliyamaliza. Mama akamjibu kwamba Yesu hakuwa na mkwe. Mchungaji akaenda zake.

Ni Odero mwenyewe aliyekumbuka chumba cha mtumishi. Kilikuwa mwisho wa ua, kina ukuta wake, paa lake na mlango wake wa kutokea uchochoroni. Kati yake na nyumba kubwa kulikuwa na njia nyembamba, upana wa mkono mmoja ulionyooshwa, wazi mpaka juu. Ile, akasema Odero, ni nyumba nyingine kabisa, imesimama tu karibu. Nerima akaipeleka habari Salgaa, akarudi na jibu. Mama atakuja. Awe na mlango wake, choo chake, na mahali pa kuwasha jiko lake. Aliuliza mara mbili kama mapaa hayashikani, akaambiwa hayashikani, akasema sawa.

Hapo ndipo akatafutwa mzee Kiprugut.

Kiprugut alikuwa fundi wa kutembea. Alianza kubeba mawe Londiani akiwa na meno ya utoto, akajenga Kericho kwenye majani chai, akajenga Lodwar kwenye joto la kuchemsha yai, akajenga Malaba mpaka akajifunza lugha nne za kutukania. Vifaa vyake vilikaa kwenye gunia moja na nguo zake kwenye lingine, na alilala alipojenga. Mali yake ilikuwa jambo moja, na alilitaja kwa kila mtu aliyempa mkono: miaka arobaini na mitatu, hakuna paa lake lililowahi kuvuja. Angekuambia hata kama ulikuwa umemwita kurekebisha kitasa.

Nerima alimwonyesha anachotaka. Ukuta wa kati utoke, ili duka la zamani na chumba cha nyuma viwe kimoja. Jiko liwe upande mmoja na kaunta, meza ya watoto na makochi upande wa pili, ili apike huku akiona nani anafanya hesabu na nani anachora magari. Bafu na choo vipande juu. Kiprugut alisikiliza mpaka mwisho, kofia imeshushwa machoni.

"Mama Awuor," akamwita kwa jina la mtoto wao mkubwa, "wewe umeolewa na Mjaluo. Siku ya samaki, hayo makochi yatanuka mpaka Krismasi."

"Basi utaniwekea dirisha kubwa, mzee. Wewe si ndiye fundi?"

Akaliweka, kubwa kweli, la kutazama ua. Akakwangua plasta ya zamani na chini yake yakatokea mawe ya manjano yaliyochongwa kwa mkono, mazuri hivi kwamba Nerima alikataza yasipakwe rangi. Mbao za juu alizipanga moja moja, zilizoliwa na mchwa akazifanya kuni, nzima akazigeuza upande wa chini ukawa juu. Ngazi aliivunja akaisuka upya, ikalala kidogo na kupumzika katikati. Nyaya zikaingia ukutani. Watoto walipokuja Jumapili wakapanda na kushuka ngazi mpaka Kiprugut akawauliza kama wameajiriwa.

Chumba cha mama alikiacha mwisho, na hicho Odero hakukubali kifanywe kwa makisio. Shida ni kwamba hakuna namna mwanamume angeenda kumpima mama mkwe wake miguu. Kwa hiyo Nerima alienda Salgaa na kamba, akapima kutoka kisigino cha mamake mpaka goti, akafunga fundo, akaileta kwa Kiprugut. Kiti cha choo kikajengwa kwa urefu wa fundo lile. Kitanda pia. Kizingiti kikatolewa kabisa, sakafu ikapigwa simiti ya kukwaruza isiteleze, na ukutani kikafungwa kipande cha bomba cha kushikilia. Odero alikaa kwenye kile kiti na suruali yake, akainuka, akakaa tena, akasema ndiyo.

Wiki ya tatu ya Aprili kiwanda cha chakula cha mifugo alikokuwa akifanya kazi kikamtuma Eldoret kufunga mashine, siku sita. Nerima ni mwalimu, na ilikuwa wiki ya mitihani, kwa hiyo alipita jioni tu kuangalia mlango kama umefungwa. Na hiyo ndiyo wiki mvua ilipoanza. Ilishuka kutoka upande wa mlima Menengai kama imetumwa, kila alasiri saa tisa, na Kiprugut, akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaona jambo lililomkosesha raha. Maji ya paa kubwa na maji ya paa dogo yote yalimwagika kwenye ile njia nyembamba. Mtu akitoka kwa mama kwenda kwa binti, lazima apite katikati. Mama mwenyewe na goti lake, asubuhi, kwenye mawe yaliyolowa.

Hakuuliza mtu. Kuuliza nini? Alikuwa na mabati matatu yaliyobaki. Akalirefusha paa kubwa, akalilaza juu ya dogo, akaliziba kwa lami, akapiga misumari yenye kofia. Alipomaliza mvua ilikuja, akasimama chini ya kazi yake, akanyoosha viganja vyote viwili juu. Hakuna tone.

Ijumaa Odero aliporudi, Kiprugut alikuwa akimngoja mlangoni. Alimpeleka uani, akachukua ndoo ya maji, akamwaga juu, akangoja. Odero akaangalia juu, akaangalia chini, njia ilikuwa kavu kama kabati. Akampa mzee mkono. Nerima naye akaja, akapita kutoka nyumba kubwa mpaka chumba cha mamake na kurudi bila kulowesha viatu, akasema Mungu ambariki mzee huyu. Walikuwa watu wa mjini, hao wawili. Odero alizaliwa hapo juu ya duka, Nerima nyuma ya pazia kando ya barabara kuu. Walikuwa wakifikiria mvua.

Jumamosi saa sita pikapu ikaingia uchochoroni. Aliyeiendesha ni Kiarie, kijana wa Salgaa aliyekula kwa mama tangu akiwa turnboi, utingo wa lori, na nyuma kulikuwa na sufuria za kupikia watu mia, benchi mbili, jiko la makaa, godoro, na kuku wanne waliofungwa miguu wakiangalia Nakuru kwa dharau. Odero alipanda juu, kama ilivyo adabu, akakaa chumba cha kulala ambako dirisha lilikuwa nusu wazi. Aliwasikia watoto wakimwita nyanya yao kwa kelele, "kukhu, kukhu," akasikia fimbo ya mama ikigonga mawe, mlango wa uchochoroni ukifunguka. Kisha fimbo ikanyamaza.

"Nerima," akasikia mama akisema. "Hii paa inaishia wapi?"

Nerima akaeleza kwa furaha. Akasema ni mzee Kiprugut, ni kwa sababu ya mvua, sasa hata usiku wa manane unaweza kutembea na soksi. Alipofika kwa soksi sauti yake ikapungua yenyewe. Mama akauliza mkwe analala upande gani. Nerima akaonyesha juu. Kutoka dirishani Odero akaona fimbo ikiinuliwa, ncha yake ikifuata mabati polepole, kutoka juu ya kichwa chake yeye Odero, ikipita njia, mpaka juu ya kile kitanda kipya chini.

"Ni moja," mama akasema. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayesoma mita. "Kiarie, usishushe kitu."

Nerima alipanda ngazi mpya mbio, akaketi kitandani, akauficha uso wake kwa kanga. Mama anarudi Salgaa, akasema. Kule hoteli alishaivua mabati, akampa mtu. Atalala wapi? Amesema atalala kwenye benchi, nyota anazijua. Odero akaangalia kiganja chake. Alikuwa akiona mkono wake mwenyewe ukimpongeza fundi.

Chini, jirani alikuwa ameshaingilia. Linah, wa nyumba ya tatu, mwanamke wa roho safi ambaye hajawahi kupitwa na habari. Akasema mama asihangaike, kwake kuna chumba, mume wake yuko Kabarnet, alale huko mpaka mambo yatengenezwe. Mama akamshukuru vizuri sana. Kisha akaegemea fimbo, akarudi nyuma hatua mbili, akautazama ule mstari wote wa nyumba sita, ukuta kwa ukuta, na juu yake paa moja refu la Muhindi, halikatiki kutoka pembe hii mpaka pembe ile.

"Kwako pia ni hapo hapo, mama," akamwambia Linah. "Hata kwa huyo wa mwisho."

Linah akaangalia juu. Miaka tisa ameishi hapo hajawahi kufikiri kwamba analala na ukoo mzima wa watu.

Kiprugut aliitwa kwa simu, akaja amevaa koti la kanisani kwa kuwa alidhani ameitwa kusifiwa. Alipoelewa, alivua kofia, na hiyo haikuwa dalili nzuri. Akasema yeye pia ana wakwe, anawaheshimu, kwao mkwe haangaliwi machoni, lakini paa ni paa. Akasema hajawahi, miaka arobaini na mitatu, kutoboa paa la mtu akiwa na akili zake.

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi moja, amewekewa uchochoroni. Wote wawili walikuwa wa rika moja, na walitazamana kama watu wa rika moja.

"Fundi," akasema, "kazi yako nimeiona. Ni safi. Lakini umenilaza chumba kimoja na binti yangu na bwanake."

"Kuna ukuta, mama. Kuna ukuta mwingine. Na kuna njia."

"Mimi naangalia juu."

"Na Salgaa? Vile vibanda vyote si vilishikana, kutoka kwa kinyozi mpaka kwa mama wa mitumba?"

"Vilishikana. Na mkwe wangu hakulala humo hata siku moja. Muulize. Siku Nerima alijifungua kwangu, yeye alilala ndani ya lori ya mkaa."

Ilikuwa kweli. Odero alikuwa ameshuka ngazi, amesimama ndani ya jiko jipya, nyuma ya mlango, mahali pa kusikia bila kuonekana. Alikumbuka lile lori. Alikohoa vumbi jeusi wiki nzima na hakujuta.

Kiprugut akauliza, kwa sauti ya mtu anayepoteza, basi nafasi iwe kiasi gani. Futi moja? Inchi tatu? Hapo hata mama akasita. Hakuna aliyewahi kupimiwa. Kule nyumbani nyumba ya mtu iko hapa na ya mwingine iko ng'ambo ya migomba, nani atapima? Nerima akampigia shangazi Bungoma, shangazi akasema kuku apite, halafu akasema hapana, ng'ombe apite. Kiarie akatoa maoni kwamba pikapu ipite.

Odero alipoona wingu la saa tisa linakusanyika juu ya Menengai, akasafisha koo.

"Mzee," akasema kutoka nyuma ya mlango, "muulize mama kama mkono mmoja, vile ilikuwa mwanzo, inatosha."

Kiprugut akageuka. "Mama, anauliza..."

"Nimesikia, fundi, si kiziwi. Mwambie hiyo ndiyo nilikubali."

"Anasema hiyo ndiyo alikubali."

"Mwambie kutakuwa na maji hapo katikati. Goti lake."

"Mwambie hili goti limenyeshewa Salgaa kabla yeye hajaota ndevu."

"Sasa mimi nilikuja kama fundi," Kiprugut akasema, "mmenifanya simu."

Lakini alibaki pale pale katikati, kwa sababu ilionekana bado wana maneno. Odero alikuwa ameegemea mlango kwa kiganja. Hakuwahi kumwambia mwanamke yule jambo refu, na sasa maneno yalikuja yamebanana kama watu mlangoni.

"Mzee, mwambie mama kosa si la fundi. Mimi ndiye nilirudi nikakuta imefungwa, nikasifu. Nilifikiria mvua. Sikumfikiria yeye. Mwambie asirudi Salgaa. Mwambie nyumba hii nimeitengeneza nikianza na chumba chake kichwani, na kama hatalala hapa, hiyo nyingine yote ni duka tu lililopakwa rangi."

Kiprugut hakurudia. Hakukuwa na haja. Nerima alikuwa akiangalia mawe ya ukutani. Mama alichora mstari vumbini kwa ncha ya fimbo, akaufuta na ncha hiyo hiyo.

"Fundi," akasema mwishowe, "mwambie huyo mtu miaka yote hii sikujua ana sauti nzito namna hiyo."

Basi kazi ikaanza, na kukawa na tatizo jipya, kwamba Odero hawezi kupanda juu ya paa mama mkwe akiwa amekaa chini yake. Linah akalitatua kwa kumchukua mama kwake kunywa chai, kwa kuwa chai ni ya mchana na mchana hauna neno. Kiarie naye akasema ataondoka, akasema hivyo mara tatu, kisha akavua shati akashika ngazi.

Kiprugut alipanda wa kwanza. Alikaa juu ya mabati yake na mkasi mkononi, akayapapasa ile sehemu ya lami, laini kama ukucha. Odero, aliyekuwa nyuma yake, akamwambia kama anaona vigumu ampe yeye mkasi.

"Wewe utakata kama mtu anayekata keki," mzee akasema. "Kama ni lazima kutoboa, nitatoboa vizuri."

Akakata. Mabati yalilia ile sauti inayoingia kwenye meno. Mwanga ukashuka njiani chini, mstari mrefu, mwembamba, kisha mpana. Alipokuwa katikati alianza kuzungumza peke yake, na Odero, aliyekuwa akipokea vipande, akajua mzee amerudi. Alikuwa akiuliza kwa nini maji yamwagike ovyo kama kwa mlevi. Akakunja ncha za mabati pande zote mbili kwa ndani. Akatuma Kiarie dukani kuleta gata mbili, mifereji ya kukinga maji ya paa, akazitundika zikitazamana, moja kwa kila paa, kila moja na pipa lake, kwa sababu alisema sasa akiwa amejifunza hataki kuja kuambiwa kwamba hata maji hayafai kuchanganyika. Chini akapasua mfereji wenye mteremko, akaufunika kwa yale mawe ya manjano yaliyobaki, yaliyokwaruzwa uso. Matone yatakayopita kati ya gata na gata, hayo ya mbinguni moja kwa moja, akasema yataanguka yanapotaka, ila hayatakaa.

Saa kumi na moja, mvua ya saa tisa ikiwa bado imechelewa, mama akarudi. Odero alishapanda chumbani. Aliisikia fimbo ikiingia uani, ikasimama pale katikati. Kwa dirisha aliona kitambaa chake cha kichwa, cha kijani, halafu uso, umeinuliwa. Juu yake kulikuwa na mkono mmoja wa mbingu, na mbingu yenyewe ilikuwa nyeusi ya kutisha. Akainua fimbo, akaipitisha katika ile nafasi kutoka mwanzo mpaka mwisho, polepole, na haikugusa kitu.

"Kiarie," akasema, "shusha."

Hawakumaliza. Sufuria kubwa ilikuwa bado mikononi mwa Kiarie mvua ilipofunguka, na kuku wakabebwa mbio kama watoto. Ikanyesha. Juu ya paa kubwa ilinguruma, juu ya paa dogo ikalia sauti nyembamba zaidi, na katikati, penye nafasi, ilianguka bila kelele nyingi, ikigonga mawe na kuondoka. Kiprugut alisimama kwenye dirisha la jiko na kofia kichwani, akitazama maji yakipita ndani ya kazi yake. Nerima akamuuliza kama anaumia. Akasema anaangalia mteremko. Baadaye kidogo akasema mteremko ni mzuri.

Jioni hiyo Nerima alivuka mara saba. Alivuka na taa, na blanketi, na chumvi, akarudi na maharagwe ya mama yaliyopikwa kwenye jiko la mama, akavuka tena kurudisha bakuli. Kila mara alilowa bega moja tu, lile la upande wa upepo, na kila mara aliingia akicheka. Watoto wakaona huo ni mchezo, wakaanza nao kuvuka bila sababu. Odero alikula akiwa kwenye kaunta, kochi nyuma yake bado lina nailoni ya dukani. Maharagwe yalikuwa yale yale ya gunia, ila sasa yalikuwa ya moto.

Asubuhi, kabla ya kanisa, Nerima alikuja na ujumbe. Mama amelala vizuri. Kitanda kina urefu wake. Lakini ameamka mapema akakaa mlangoni, na ameona watu wanaopita uchochoroni kwenda stesheni na kwenda viwandani, wengi, na wote wanapita wakiwa na njaa. Anataka ukuta wa upande ule utobolewe dirisha, na chini yake ubao wa kuwekea sahani. Hajasema ni hoteli. Amesema ni chapati chache tu.

Odero akacheka mpaka akashika ukuta. Akampigia mzee Kiprugut, akampata akinywa chai Kiamunyi, akamweleza.

"Nitakuja kesho," Kiprugut akasema. "Ila kabla sijabeba gunia, muulize huyo mama kama madirisha pia yana desturi yake. Uniambie mapema."

Odero akamtuma Nerima akaulize. Yeye mwenyewe akafungua lile dirisha kubwa la jiko, na kutoka ng'ambo ya ile njia akawasikia, mama na binti, wakibishana kwa Kibukusu juu ya upana wa dirisha na urefu wa ubao, mama akisema hapa, Nerima akisema hapana, hapo, mpaka kengele ya kanisa ikalia na hakuna aliyeinuka.